Kazi kwa telefone: tuanzie kwetu

Vijana wetu wanatafuta kazi ya mikono ku Facebook na WhatsApp. Si vibaya, lakini mtu akikuomba pesa ya dosye mbele ya kazi, ujue ni mwizi. Na kazi iko hapa kwetu! Kahawa nyekundu inapashwa kutolewa ganda siku ile ile ya kuvuna, na kila musimu tunakosa watu. Juu ya nini kooperative isifungue gurupu yake ya WhatsApp? Siku, shamba na bei viandikwe wazi. Tangazo bila bei litolewe. Wamama wengi, wavunaji hodari kabisa, hawana intaneti: waandikishwe pa kituo cha kuosha kahawa, katibu awapigie telefone zao ndogo.