P0171: Taa ya Injini Haikukwambia Ununue Sensa

Leo naweka kando habari za hifadhidata na programu za simu. Nataka kusema neno kuhusu magari, hasa kuhusu ile taa ya njano yenye umbo la injini ambayo ikiwaka tu hapa Busia, mwenye gari anaanza kuhesabu pesa. Mnaokuja hapa kwa ajili ya kompyuta msiondoke. Gari la siku hizi ni kompyuta yenye magurudumu, na ugonjwa ninaotaka kuuzungumzia tunaujua vizuri sisi waandishi wa programu: kusoma ujumbe wa kosa na kudhani tayari tumelipata kosa lenyewe.

Msimamo wangu nauweka mbele kabisa ili tusipotezeane muda. Hapa mpakani, kuanzia Busia mpaka Malaba, gari lenye njaa ya mafuta linatibiwa kwa kubahatisha. Na lawama si ya mafundi peke yao. Sisi wenye magari tunakubali kulipia spea, lakini hatukubali kulipia dakika ishirini za kutafuta chanzo. Kwa hiyo tunauziwa kile tunachokubali kulipia.

Kwanza tuelewane jinsi mambo yanavyofanya kazi. Injini ya petroli inataka hewa kilo 14.7 kwa kila kilo 1 ya petroli. Hewa ikizidi hapo, injini ina njaa. Kompyuta ya gari inapima hewa inayoingia, inapiga hesabu, halafu inaamuru nozeli zifunguke kwa milisekunde chache. Lakini hesabu ni hesabu tu, lazima awepo shahidi wa kusema kama imetoka sawa. Shahidi huyo ni kihisi cha oksijeni kilichofungwa kwenye bomba la moshi, ambacho mafundi wetu wanakiita sensa. Kilitengenezwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani, na mwaka 1976 Volvo wakaanza kuuza Marekani magari yenye kihisi hicho. Kile cha kawaida hutoa karibu volti 0.1 kikikuta oksijeni nyingi kwenye moshi, na karibu volti 0.9 kikikuta imekwisha. (Baadhi ya magari mapya yana aina nyingine ambayo haisomeki kwa volti hizo, angalieni msichanganye.)

Kompyuta inasoma, inaongeza au inapunguza mafuta, inasoma tena. Ni kitanzi kisicho na mwisho. Na kila inaporekebisha, inaandika kiasi ilichorekebisha kwa asilimia. Kuna marekebisho ya papo hapo, na kuna ya muda mrefu ambayo ni kama kumbukumbu ya tabia ya injini hiyo. Yajumlishe hayo mawili. Ukipata namba iliyo karibu na sifuri, gari lina afya. Ukipata +20, maana yake kompyuta imelazimika kuongeza mafuta kwa asilimia 20 kuliko ilivyotarajia. Namba ikipanda sana, kwa magari mengi karibu na +25, na kukaa huko, kompyuta inainua mikono. Inaandika P0171 na kuwasha taa.

Sasa isome P0171 polepole. Inasema: upande wa kwanza wa injini una mafuta kidogo mno ukilinganisha na hewa. Imeishia hapo. Haikusema sensa imekufa. Haikusema pampu. Haikusema petroli ni mbaya. Sensa ndiyo iliyoleta habari, na sisi tunamfukuza kazi mpeleka habari! Ni sawa na programu inayoanguka kwenye mstari wa 400, wewe ukaufuta mstari wa 400, kumbe takwimu mbovu iliingia kwenye mstari wa 12.

Nitoe mfano. Jirani yangu ana Probox, anabeba abiria kati ya Busia na Malaba kupitia Alupe. Taa ikawaka. Akaenda gereji, kifaa kikachomekwa, P0171 ikatokea, akaambiwa ni sensa. Sensa ikanunuliwa, msimbo ukafutwa, taa ikazimika, akalipa, akaenda zake akifurahi. Siku ya tatu taa ikarudi. Akaambiwa basi ni mafuta anayonunua. Akahama kituo. Taa ikabaki pale pale. Kufikia hapo alikuwa ametumia mapato ya karibu wiki mbili, na gari lilikuwa bado linatetemeka likisimama kwenye steji.

Kwa nini taa ilizimika kwanza? Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa magari mengi, msimbo huu hauwashi taa mara ya kwanza. Kompyuta inaona kosa katika safari moja, inaliweka akilini, ikiliona tena katika safari nyingine ndipo inawasha. Kwa hiyo ukifuta msimbo bila kutengeneza chochote, taa itakaa kimya siku moja au mbili. Huo ni muda wa kutosha kwa mteja kulipa na kufika nyumbani! Kuzimika kwa taa si ushahidi wa kupona.

Siku tulipokaa na ile Probox, tulichomeka kifaa kidogo cha ELM327 kinachozungumza na simu kwa Bluetooth. Hatukuangalia msimbo, ule tulikuwa tunaujua tayari. Tuliangalia namba zinazotembea. Injini ikiwa moto, imesimama bila kukanyagwa mafuta, jumla ilikuwa juu ya +20. Tukakanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika na kuishikilia hapo. Namba ikashuka, ikashuka, mpaka karibu na +4.

Yeyote anayejua maana ya namba hizo mbili hahitaji kubahatisha tena. Hewa ilikuwa inaingia kwa mlango wa nyuma, baada ya kile kipimo cha hewa. Injini ikiwa imesimama, inavuta hewa kidogo, kwa hiyo tundu dogo ni sehemu kubwa ya pumzi yake. Ikikanyagwa inavuta hewa nyingi, na tundu lile lile linakuwa si kitu. Tulikuta mpira mmoja wa hewa umepasuka upande wa chini, pale macho hayafiki. Mpira ule ulikuwa na bei ndogo sana ukilinganisha na sensa.

Haya, kwa faida ya wote, huu hapa utaratibu ninaoutetea:

1. Soma namba mara mbili: injini ikiwa moto imesimama, kisha kwenye mizunguko 2,500. Soma pia mtu akiendesha gari kwenye mlima au likiwa na mzigo (anayesoma asiwe dereva, tafadhali).

2. Zikiwa juu gari likisimama na zikashuka likikanyagwa, tafuta hewa inayovuja: mipira, gasketi ya manifoldi, bomba la hewa la breki. Sikiliza mluzi. Wengine hupuliza dawa ya kusafishia karbureta ili wasikie injini ikibadilika, lakini dawa hiyo huwaka moto na bomba la moshi liko pale pale. Moshi wa kupimia ni salama zaidi.

3. Zikiwa nzuri gari likisimama na zikapanda kadiri unavyolipa kazi, mafuta hayafiki ya kutosha au kipimo cha hewa ni kichafu kinadanganya. Pima presha ya mafuta kwa geji. Kwa injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Probox nyingi, inatakiwa iwe kati ya kPa 304 na 343. Ikiwa chini, sasa unaweza kuzungumza habari za pampu na filta.

4. Zikiwa juu kila mahali, pima presha vilevile, kisha mhoji shahidi. Kanyaga mafuta kwa ghafla. Kihisi cha kawaida kilicho hai kitaruka kuelekea volti 0.9. Kikiruka, usikinunulie mwenzake.

5. Kumbuka mashahidi wa uongo. Bomba la moshi likitoboka mbele ya kihisi, linaweza kunyonya hewa ya nje na kihisi kikaripoti njaa ambayo haipo. Plagi au koili ikimisi, oksijeni inatoka bila kuungua na ripoti inakuwa hiyo hiyo.

Nimeacha petroli mwisho kwa makusudi, maana hapa mpakani ndiyo hushtakiwa kwanza. Sisemi kwamba mashtaka hayana msingi. Tunaishi mahali ambapo bei ikitofautiana kati ya Kenya na Uganda, madumu huvuka kufuata bei. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa ni tatizo la kweli, hata mwaka 2018 Kenya ikaweka ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya mchezo huo. Mamlaka ya nishati, EPRA, hupima vituo kwa kutafuta kemikali ya alama inayotiwa kwenye mafuta ya taa na kwenye mafuta yanayopelekwa nje ya nchi. Mafuta ya taa hayageuki mvuke haraka kama petroli, kwa hiyo injini ikiwa baridi inapata shida, na yanashusha oktani mpaka injini inagonga.

Lakini hata hilo linapimika. Chukua kidogo kwenye chupa safi ya kioo, acha itulie: maji yakiwemo yatakaa chini. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka bila kuacha kitu, yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Hiki si kipimo cha maabara, ila kinashinda kulaumu Uganda nzima kwa sababu ya mpira uliopasuka.

Wenye bodaboda msiseme haya hayawahusu. Jina hilo lilizaliwa hapa hapa mpakani, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Pikipiki nyingi za leo bado zina karbureta na hazina kompyuta ya kuandika msimbo, lakini kumbukumbu zipo. Fungua plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi meusi ni mafuta mengi. Nyeupe kama chokaa ni njaa: jeti imeziba, au mpira kati ya karbureta na injini umepasuka. Ukiendelea kupakia watu na mizigo hivyo hivyo, injini itagonga, na vali na pistoni zinaweza kuungua. Hapo ndipo utakapojua bei halisi ya kubahatisha.

Najua nitakavyojibiwa. Fundi wa jua kali atasema: mteja anataka gari leo, hana subira, nikimwambia nimetafuta kwa saa nzima nikakuta mpira wa bei ndogo, atanilipa bei ya mpira. Ni kweli kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi. Mimi nikikaa siku nzima kutafuta kosa moja kwenye programu, kisha nikabadilisha herufi moja, mteja wangu analipa siku nzima. Haniambii herufi moja ni ya bure. Kwa nini fundi aliyelala chini ya gari alipwe kwa uzito wa kipuri alichofunga? Tukimlipa hivyo, tunamfundisha kufunga vipuri vizito.

Wengine watasema vifaa havipatikani. Hiki cha ELM327 kilianza kama kazi ya kampuni ya Kanada, Elm Electronics, na leo nakala zake za bei nafuu zimejaa kila soko. Ni kweli kwamba baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaongei na kila kifaa, kwa hiyo jaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa. Na gereji nyingi tayari zina skana zinazoonyesha namba hizi, ila hakuna anayefungua ukurasa huo kwa sababu hakuna anayelipwa kuufungua.

Basi, ndugu msomaji, taa ikiwaka kesho, kabla hujakubali spea yoyote muulize fundi maswali mawili: namba ni ngapi injini ikisimama, na ni ngapi kwenye 2,500? Akikujibu, mlipe kwa jibu hilo, hata kama alichofunga ni mpira tu. Asipokujibu, shika ufunguo wako. Kwenye barabara hii ya Busia na Malaba mafundi hawakosekani, na mara nyingi yule anayekwambia "ngoja kwanza nipime" ndiye atakayekugharimu kidogo.