Kunakili Si Kuiba: Funzo la Mkono Uliokatwa

Wahenga walimkejeli anayemwiga tembo, na hadi leo kuiga huchukuliwa kuwa dalili ya ufukara wa ubunifu. Lawama hii humwandama mwanafunzi anayejifunza uchoraji wa rangi za mafuta kwa kuichora upya kazi ya msanii mwingine. Kazi hiyo ikiwa ya mkondo wa uekspreshonisti, unaotanguliza hisia za ndani kuliko sura ya nje, na msanii akiwa amejichora mwenyewe, pingamizi huzidi: nafsi ya mtu itanakiliwaje? Makala haya yanashikilia kwamba kazi ya aina hiyo ndiyo hasa inayofaa kunakiliwa.

Tuchukue mfano wa Ernst Ludwig Kirchner, Mjerumani aliyesomea usanifu wa majengo na ambaye mwaka 1905 alishiriki kuasisi kundi la Die Brücke mjini Dresden. Mwaka 1915, baada ya kutolewa jeshini kwa sababu za kiafya, alijichora akiwa amevaa sare, sigara mdomoni, macho matupu yasiyo na mboni, na mkono wa kulia umekatika kiganja. Ilhali Kirchner hakukatwa mkono vitani. Kilichomtisha ni kupoteza uwezo wa kuchora.

Mtazamaji huipita picha hiyo kwa dakika mbili. Anayeinakili hana njia ya mkato. Rangi ya mafuta hukauka polepole. Tabaka la chini hutakiwa liwe na mafuta machache kuliko la juu, la sivyo picha hupasuka baadaye. Humlazimu basi kufikiri mapema kipi kitangulie. Afikapo machoni, brashi yake iliyozoea kutia mboni hana budi kuizuia. Afikapo kwenye kigutu, hutambua kwamba kila upotoshaji wa umbo ulikuwa uamuzi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mwaka 1937 utawala wa Nazi uliitundika picha hii mjini Munich katika maonyesho ya sanaa iliyoitwa potovu, ili umma uidhihaki. Mwaka uliofuata Kirchner alijiua nchini Uswisi. Aliyewahi kuichora picha hiyo kwa mkono wake hashawishiki kirahisi kuicheka.

Bila shaka hatari ipo. Nakala sharti iitwe nakala. Kuitia sahihi yako kama kazi asilia ni wizi. Isitoshe, anayekomea hapo atakuwa amemiliki jeraha la mwingine tu. Akimaliza, na achukue kioo ajichore mwenyewe.

Hoja hii inawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tendi za kale kwa hati za Kiarabu, naye mwenyewe alikuwa mtunzi na mchongaji. Leo tunabishana kuhusu arudhi na mashairi huru, huku wengi wetu hatujawahi kunakili utenzi mmoja kwa mkono, ubeti kwa ubeti, tukihesabu mizani na kufuatilia vina. Mshairi anapovunja arudhi, tutajuaje kama ameamua au ameshindwa? Idara zetu zingefanya vyema kulifanya zoezi hilo litangulie somo la utunzi. Anayejua jinsi mkono ulivyochorwa ndiye anayeweza kueleza kwa nini ulikatwa.