Rangi ya majivu ukutani na ubaoni



Juma hili tunazungumza juu ya rangi ambayo jina lake limetoka jikoni mwetu: kijivu, yaani rangi ya majivu. Saga makala, changanya na pemba, utaiona inazaliwa. Pemba ikizidi inapauka, makala yakizidi inakaza.

Ukutani rangi hii inatusaidia. Ukuta mweupe unaonyesha kila mkono wa mtoto na kila tone la matope, ndiyo maana masomo mengi na vituo vya afya hupaka kijivu sehemu ya chini, mpaka kifua cha mtoto, halafu nyeupe juu. Lakini ijaribuni ukutani penyewe, si mkononi. Mfaransa Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins kule Paris, alieleza mwaka 1839 kwamba jicho huisoma rangi pamoja na jirani yake. Kata vipande viwili vya kitambaa kimoja cha kijivu, weka kimoja juu ya kitambaa cheusi na kingine juu ya cheupe. Utaapa kwamba ni vitambaa viwili tofauti!

Ubaoni ni habari nyingine. Ubao unaanza mwaka ukiwa mweusi. Kila siku vumbi la chaki linaingia ndani yake, na kitambaa kikavu kinalisambaza tu, mpaka wote unakuwa majivu. Chaki nyeupe juu ya kijivu haisomeki toka mbali. Mtoto wa benchi la nyuma anaandika 3 pahali pa 8, anapata sifuri, na nyumbani wanasema hana akili. Akiwa binti, wengine wanaanza kusema abaki tu nyumbani, franga za masomo zinapotea bure. Kumbe aliandika alichokiona.

Dawa yake tunayo. Makala yaliyosagwa na kuchekechwa, majani mabichi ya mihogo yaliyotwangwa. Sugua ubao, acha ukauke, rudia. Unga mweusi wa betri za redio, hapana, hata kama unakoza vizuri: una sumu, na mikono inayosugua ubao mara nyingi ni ya watoto wenyewe.

Kikundi kinachopita masomoni kisiishie kwa mkubwa wa masomo. Ombeni kuingia darasani, mkae benchi la mwisho, msome ubao.