Mheshimiwa, baada ya fainali je?

Kijana wa Kitui na Makueni, kombe la mheshimiwa unalijua: jezi zenye picha yake, mipira miwili, hotuba ndefu kuliko mechi. Silvio Berlusconi, tajiri wa televisheni kule Italia, naye alitumia soka kuomba kura. Hata chama chake alikiita Forza Italia, kelele za mashabiki uwanjani! Lakini AC Milan aliinunua 1986 na kukaa nayo hadi 2017, ikabeba makombe matano ya Ulaya. (Kesi kortini nazo hazikumwisha, tusimpambe sana.) Sasa 2027 inabisha. Ukipewa jezi pale Ithookwe au Unoa, vaa tu. Ila muulize: Septemba, kura zikishahesabiwa, kocha atalipwa na nani?