MAONI: Sanduku la AVEC lifungwe, lakini mlango wa dharura uwepo

BUKAVU – Mama anayeuza sambaza katika soko la Kadutu akibaki na dola 10 jioni, anaweza kuzifanyia mengi: kununua unga, kumsaidia shemeji, kuongeza mtaji, au kuweka minervali ya mtoto. Akizipeleka kwenye AVEC, uwezo huo unapungua. Makuta yanaingia katika sanduku lenye kufuli 3, funguo ziko kwa wanachama 3 tofauti, na mgao unangoja mwisho wa mzunguko, ambao mara nyingi hauzidi mwaka mmoja.

Wapo wanaosema mama huyo amejifunga bure, kwani mwenye njia nyingi ana nafuu kuliko mwenye njia moja. Wamama wa Bukavu wanajua kwamba si hivyo kila mara. Anayeweka leo anajua kesho moyo wake utageuka: ndugu atapiga simu, au kikwembe kipya kitapita mbele ya macho. Kwa mageuzi kama hayo, kufuli ni rafiki.

Lakini kuna mageuzi mengine ambayo hakuna anayejua siku yake. Mtoto anashikwa na malaria usiku. Au inakuja Februari 2025: M23 inaingia Bukavu, banki zinafunga milango, na wakaaji wanaona kwamba kuwa na makuta na kuweza kuyashika ni mambo mawili. Siku hiyo, kufuli lililomlinda mtu linaweza kumzuia kukimbia.

Magharibi mwa Kenya, watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waligawa masanduku ya namna mbili. Kwa moja, mwenyewe alishika ufunguo. Kwa jingine, ufunguo ulibaki kwa mradi hadi lengo litimie. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kwamba sanduku la kwanza liliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Lile la pili halikusaidia hivyo kwa matumizi ya kinga, kwani watu waliogopa makuta yao yakwame. Vikundi vya kuweka akiba pamoja navyo vilifaulu sana.

Kwa hiyo swali si kufunga au kuacha wazi. Swali ni kujua kufuli linazuia nini. AVEC nyingi tayari zina mfuko wa mshikamano. Siku ya kufungua mzunguko, wanachama waandike pia ni dharura zipi zinafungua sanduku, kila mmoja atoe kiasi gani, na nani ashike nafasi ya mwenye ufunguo akihama.

Wengine watasema mlango huo utatumiwa na kila mwenye hadithi. Ndiyo maana orodha iandikwe mapema, vichwa vikiwa vimetulia. Siku ya shida yenyewe, kila mtu ataona ya kwake ndiyo dharura.