Nyumba Njema Si Mlango

Asafiriye kutoka Singida kwenda Nzega na Mwanza huteremka mlima wa Sekenke, na chini yake hukuta mji wa Shelui, katika Wilaya ya Iramba. Ni mji wa njiani. Magari hupumzika hapo, wachimbaji wadogo wa dhahabu huja na kuondoka, na nyumba hubadilisha wenyewe. Mtu akitaka kuhama na kuuza nyumba yake, kazi ya kwanza aifanyayo ni kutafuta chokaa au rangi. Kuta hupakwa, uwanja hufagiwa, mlango hutiwa bawaba mpya, kisha mnunuzi hungojwa.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Visiwani. Ndugu zetu wengi kutoka Unguja, na hasa Pemba, wameenea Bara kwa biashara ya duka, na mwenye duka haishi siku nyingi kabla hajatafuta nyumba ya kununua. Kila raia wa Jamhuri ya Muungano ana haki ya kufanya hivyo. Lakini haki hiyo haina faida kwa mtu aliyeuziwa chokaa akidhani ameuziwa nyumba.

Hatusemi kwamba kupaka rangi ni kosa. Muuzaji ana haki ya kuipamba mali yake, na nyumba safi huuzika kwa bei ya haki. Tunalolisema ni kwamba nyumba huandaliwa mara mbili: mara moja kwa ajili ya macho, na mara ya pili kwa ajili ya sheria. Maandalizi ya kwanza huchukua siku mbili tatu. Ya pili hupuuzwa, na hayo ndiyo yaletayo kesi.

Hata hayo ya macho yana ukweli na uongo wake. Shelui iko ukingoni mwa mbuga ya Wembere. Udongo mweusi wa mbuga huvimba kwa maji ya masika na hupasuka kwa jua la kiangazi, na nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi imara hupasuka pamoja nao. Muuzaji mwaminifu huziba ufa baada ya kuimarisha msingi, huchimba mfereji wa kupitisha maji, huondoa mbao zilizoliwa na mchwa, na hubadilisha bati lililotoboka. Muuzaji mjanja hupaka chokaa juu ya ufa mwezi wa Septemba, naye huwa amekwisha kwenda zake mvua zinapoanza. Kwa hiyo mnunuzi mwenye hekima huigonga kuta kwa mkono wake, huuliza maji yatoka wapi, na huwauliza majirani nyumba ile ilikuwaje katika masika yaliyopita.

Yafaa sasa tuyatazame maandalizi ya sheria. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na kwa upande wa Bara imekabidhiwa Rais kama mdhamini. Anayeuza nyumba huuza jengo pamoja na haki yake ya kukikalia kiwanja. Haki hiyo huongozwa na Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, au na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huo huo. Basi swali la kwanza ni hili: je, kiwanja kimo katika eneo la mji lililopimwa, au kimo katika ardhi ya kijiji? Kikiwa cha kijiji, mauziano yahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 1985, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo hayana nguvu. Karatasi iliyoandikwa chini ya mwembe, hata ikiwa na mashahidi kumi, haiwezi kushika mahali pa idhini.

Tena liko jambo la mke au mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, yamkataza mmoja wa wana ndoa kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi aliyekaribishwa chai na bwana, wala hakumwona bibi mwenye nyumba, na ajue kwamba kazi yake bado. Wenzetu wa Visiwani wazingatie pia kwamba sheria hizi si zile walizozizoea nyumbani, ambako ardhi huongozwa na Sheria ya Umilikaji Ardhi, Namba 12 ya mwaka 1992. Ujuzi wa Chake Chake hautoshi Shelui.

Lakini lawama zote zisiwaangukie wauzaji na wanunuzi. Mwananchi huikimbilia karatasi ya mkono kwa sababu ofisi humchosha. Akiambiwa kila siku aje kesho, asijue ada ni kiasi gani wala Halmashauri itakaa lini, atauza gizani. Ndiyo maana twawaomba viongozi wa wilaya na vijiji watimize mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wao. Siku za vikao vya kuamua maombi ya ardhi zitangazwe ubaoni. Ada zote ziandikwe pahali panapoonekana. Tena kila uamuzi uingizwe katika daftari, ili mnunuzi ajaye aweze kuonyeshwa. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi, yahitaji uangalifu wa kazi.

Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, ilitengenezwa kwa dhahabu ya Sekenke. Thamani yake ilikuwa katika madini yenyewe. Nyumba nazo zilizo chini ya mlima ule ziuzwe vivyo hivyo, kwa kilicho ndani yake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Muuzaji na afungue, mnunuzi na aingie, na Serikali iwashe taa.