Ukizama Mnemba, Shemeji Unamwachia Nani Juu?

Wiki hii nimekuja na kesi ya bahari.

Zamani hapa mjini ukiambiwa fulani kazamia, hukuuliza mara mbili. Ulijua keshajipenyeza bandarini usiku, kajificha kwenye meli, na Mungu akijalia atateremkia Ugiriki au Durban. Kama si meli, basi kazamia harusi ya watu kwenda kula pilau bila kadi. Siku hizi neno limepanda cheo. Mzamiaji ni mtu anayelipa afungwe mtungi wa hewa mgongoni na kushushwa baharini akawaangalie samaki ambao pale Feri wanauzwa kwa fungu.

Mshikaji wangu mmoja (jina namhifadhia kwa sababu bado nakula kwake) kaangukia huko. Mwaka jana alipelekwa Zanzibar na ofisi yake kwa semina, akaunganisha na likizo ya siku chache, akafanya kozi ya siku nne. Akarudi Dar na kakadi kadogo kama ka benki kanakomruhusu kushuka mpaka mita 18. Tangu siku hiyo nyumbani kwake hakuna hadithi nyingine. Ukitaja mpira, yeye kobe. Ukitaja bei ya mchele, yeye pweza. Mkewe, shemeji yangu, anasikiliza huku anakunja nguo.

Sasa ndoa yao inatimiza miaka mitatu na jamaa kadunduliza vijisenti. Akaniita nyumbani jioni moja anipe mipango. Mipango yenyewe ndiyo hii: siku tano Matemwe, kaskazini mashariki ya Unguja, mkabala na kisiwa cha Mnemba. Kila siku anazama mara mbili. Basi.

"Na shemeji je?" nikauliza.

"Atakuwa anapunga upepo."

Siku tano! Hata bendera ikipepea siku tano inachanika.

Ngoja nikueleze kwa wewe usiyejua hii biashara inavyokwenda. Mzamiaji haondoki saa nne akarudi saa tano. Boti inaondoka asubuhi. Anashuka mara ya kwanza, anapanda, anapumzika kama saa nzima apate nafasi ya kutoa ile hewa iliyomwingia mwilini, anashuka tena, ndio safari ya kurudi. Ikifika mchana kaja mtu kachoka, macho mekundu kwa chumvi, anakula anaanguka kitandani. Anaamka magharibi na kuanza kusimulia kobe. Hiyo ndiyo fungate ya pili?

Halafu kuna suala la maji. Mimi Matemwe nimefika. Pazuri, sibishi, mchanga mweupe kama unga wa sembe. Lakini pwani yote ile ya mashariki, kuanzia Matemwe, Kiwengwa mpaka Paje na Jambiani, mwamba uko mbali na maji yakipwa yamepwa kweli, hasa wakati wa bamvua. Unaamka asubuhi unatafuta bahari unaambiwa imekwenda kule, ile mistari myeupe unayoiona kwa mbali. Wakina mama wanashuka na magunia kwenye mashamba yao ya mwani. Ni kazi waliyoianza tangu 1989 na ni raha kuitazama, siku ya kwanza. Vijana wa kupaa na yale matiara makubwa watakwambia Paje ndiyo peponi, na kwao ni kweli. Ila mtu asiyejua kuogelea, asiyejua mtu kijijini, mume yuko chini ya maji, atatazama mwani mpaka lini?

Jamaa akaona namkatisha tamaa, akaleta hoja nyingine ambayo ilikaribia kuvunja nyumba palepale. Akasema asimfikirie vibaya, sheria ya kuzamia hairuhusu mtu kushuka peke yake, lazima uwe na mwenza. Shemeji akaacha kukunja nguo.

"Mwenza gani?"

"Mwenza wa chini."

"Wa chini yupi, na wa juu yupi?"

Ikabidi niingilie kati. Nikaeleza kwamba ni utaratibu wa usalama, wazamiaji wanashuka wawili wawili, kila mmoja anamwangalia mwenzake hewa yake na vifaa vyake, mmoja akipata tatizo mwingine anampa ya kwake wanapanda pamoja. Shemeji akasema sawa, kaelewa. Akauliza tu kama mwaka jana huyo mwenza alikuwa mwanamume au mwanamke. Jamaa akasema ni Mtaliano. Hakujibu swali, na mimi nikajifanya nakohoa.

Ndipo na mimi nikatoa ushauri wangu wa kitaalamu. Nikawaambia waende Chumbe. Nilijiona mjanja, maana Chumbe ni kakisiwa kusini kidogo ya mji, matumbawe yake yamehifadhiwa tangu 1994 na kuna mnara wa taa wa 1904. Na raha yake ni moja: mitungi hairuhusiwi. Wote mnaelea juu na miwani ya maji, bingwa na mshamba sawasawa, mnatembezwa na walinzi wa hifadhi. Nikasema, unaona sasa, mume hana pa kukimbilia!

Kimya. Shemeji akaangalia sakafu.

"Shem," akasema, "unajua Skagit ilizama wapi?"

Moyo wangu ukapiga pa! Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikitoka Dar kwenda Unguja, ilizama karibu na Chumbe. Watu wengi walikwenda, na wengine hawakuonekana tena. Shemeji alikuwa na rafiki yake wa shule ndani ya ile meli. Walikaa dawati moja. Mimi nilikuwa sijui. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mumewe alikuwa anajua, ila alidhani yamekwisha kwa sababu hayatajwi tena.

Kwa hiyo bahari ambayo mshikaji anaiona kama runinga ya rangi, mkewe anaiona kaburi. Na sisi wanaume wawili wazima tumekaa tunamchagulia ufukwe.

Nikamuuliza, "Shemeji, wewe mwenyewe unataka nini?"

Akacheka kidogo. "Leo ndio naulizwa."

Alikuwa na majibu tayari, tena mengi, nadhani aliyaweka muda mrefu. Zanzibar anaitaka sana. Ila aende kwa ndege, si boti. Anataka mji, si kijiji, apite madukani, aone watu. Anataka muziki. Anataka asipike wala asifikirie kitakachopikwa. Anataka mchana mumewe awe mezani. Na mume akazame, hamkatazi, kwa sababu akirudi anakuwa na furaha ya mtoto. Hilo la mwisho lilimfanya jamaa ainamishe kichwa.

Tukatoa karatasi. Nikuambie ukweli, ramani ikageuka yote.

Kwanza, Mji Mkongwe ukawa ndio makao, na kumbe mzamiaji mgeni hapotezi kitu. Mbele ya mji pale kuna matumbawe ya Bawe, Murogo na Pange, mwendo mfupi kwa boti, si ya kina cha kutisha, ndio hasa pa mtu mwenye kakadi ka mita 18. Kuna hata meli iliyozama, Great Northern, ilikuwa ya Waingereza ya kulaza nyaya za simu chini ya bahari. Imekaa chini tangu 1902, haiko mbali na uso wa maji, samaki wamehamia na familia zao. Asubuhi anakwenda, mchana yuko Shangani anatafuna samaki wa nazi na mkewe.

Jamaa akataka na Pegasus. Hii ni manowari ya Mwingereza ambayo Wajerumani waliipiga kwa mizinga bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Nikamkatalia. Iko kama mita 40 chini, zaidi ya mara mbili ya ruhusa yake. Akaanza ooh mita chache tu. Shemeji akasema neno moja: "Thubutu." Kesi ikafungwa. Hata Pemba ikafutwa kwa hoja hiyohiyo, maana kule kuna kuta za matumbawe nzuri lakini mikondo ina nguvu, inataka mzoefu.

Pili, Mnemba yake hakunyimwa. Walianza na siku mbili Kendwa, ncha ya kaskazini karibu na Nungwi. Huko maji hayakimbii mbali kama mashariki, hata yakipwa unapata pa kulowa. Boti za Mnemba zinatoka hukohuko, karibu saa nzima kwenda. Na Nungwi kuna kijiji hasa, kuna mafundi wanaunda majahazi ufukweni, kuna kobe wa baharini pale Mnarani wanafugwa bwawani. Nikamwambia shemeji, kobe wale unawaona umesimama nchi kavu, ili na wewe jioni uwe na hadithi.

Tatu ni ile ndege, na hapa ndipo jamaa alipobanwa na elimu yake mwenyewe. Kozi inawafundisha: ukishazama mara kadhaa, usipande ndege mpaka zipite saa 18 angalau, na wengi wanasema siku nzima. Sababu yake fikiria chupa ya soda. Ikiwa imefungwa huoni povu, gesi imetulia ndani. Fungua ghafla uone. Ndivyo mwili wa mzamiaji ulivyo, umebeba gesi ya huko chini, ukiupandisha angani haraka inatoa mapovu kwenye damu, na hayo mapovu yanaweza kukupooza au kukuua. Hata kama ndege ni ya dakika 20 tu kwenda Dar. Mzamiaji wa peke yake anakwepa kwa kupanda boti, lakini mke hapandi boti.

Kwa hiyo? Kwa hiyo siku ya mwisho nzima hakuna kuzama. Siku ya shemeji, kwa amri ya damu.

Walikwenda Februari. Kaskazi imeanza kupoa, masika bado, na mwezi huohuo ndio wa tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, kwa hiyo muziki shemeji aliupata mpaka akakauka sauti. Angalizo dogo: kabla hujakata tiketi tazama kalenda ya Ramadhani, maana Unguja mchana wa mfungo migahawa mingi imefunga na kula barabarani ni aibu. Na jamani dada zangu, Mji Mkongwe si ufukwe, watu wanaishi na watoto wao pale, jisitiri.

Ripoti niliyoipata ni hii. Jamaa akiwa Murogo asubuhi, shemeji alikuwa kwa mama mmoja anasingwa na kupakwa piko mpaka viwiko, kama bi harusi. Alikula urojo Forodhani akasema wa Dar tunadanganyana. Darajani alinunua khanga doti saba, na siku ile kavu mzamiaji wetu ndiye aliyebeba mifuko, anamfuata nyuma vichochoroni, amepotea hajui kushoto wala kulia, anamwambia, "Usiniache." Shemeji alinisimulia hilo mara mbili.

Na kule Kendwa, jioni ya kwanza alisimama pembeni ya maji na viatu mkononi. Jioni ya pili aliingia mpaka magotini, kashika mkono wa mumewe kwa nguvu hadi kucha zikaacha alama. Hakuna picha. Alikataa. Aliporudi akaniuliza kama ni kweli nilichowahi kumwambia, kwamba Unguja kuna mradi unaitwa Panje uliofundisha wasichana kuogelea na nguo zao za stara. Nikasema kweli, hata picha zake zilipata tuzo ya dunia 2018. Akasema alikuwa anauliza tu.

Jamaa sasa kaanza nyimbo za Mafia. Kuna papa potwe, samaki mkubwa kama basi asiye na ubaya na mtu, wanaonekana kati ya Oktoba na Machi. Juzi nikiwa pale kwao aliniambia kwa kunong'ona, nikamwonesha kwa kidole jikoni alikokuwa mwenye kuulizwa.

Akaenda. Nikasikia sauti ya shemeji: "Mafia kuna maduka?"

Bado wanajadiliana.